Matundu Sita Kabla ya Zege

Kwa miaka ishirini na minane nimekung'uta ovaroli ya mume wangu kila jioni kabla haijaingia ndani ya nyumba. Naishika mabegani, naigeuza upande unakokwenda upepo, naipiga mapigo sita saba, na kinachotoka humo si vumbi la barabarani. Ni unga wa kuta za watu. Ukiwa mweupe najua ametoka kwenye plasta. Ukiwa wa kijivu na mzito, ametoka kwenye zege, na siku hiyo simsemeshi mpaka ameshashusha chakula, maana anakuja na hasira za dunia nzima.

Mume wangu ni fundi wa viyoyozi. Ukiwaambia watu hivyo wanadhani ni mtu anayeshinda kwenye ubaridi, wanatuonea wivu bure. Anashinda juu ya ngazi, drili begani, akitoboa ukuta ambao fundi mwenzake aliumaliza jana. Ndivyo watu wanavyojenga. Wanachora, wanachimba msingi, wanapandisha, wanapiga plasta, wanabandika vigae, wanapaka rangi, wanahamia, wanakaa kitako, jasho linawatiririka, ndipo mmoja anamgeukia mwenzake na kuuliza: hivi hewa itapita wapi? Hapo ndipo simu yetu inapolia. Kwenye majengo wanamwita Mzee Toboa. Akiwauliza kwa nini hawakumwita mapema, jibu ni lile lile, liwe la mwenye nyumba, la msimamizi au la mhandisi.

"Utatoboa tu, fundi."

Mimi ni fundi cherehani. Hakuna mteja aliyewahi kuniacha nimalize gauni, nitie vifungo, nipige pasi, halafu aniambie, "Mama, umesahau, nina mikono." Pa kupitisha mkono panakatwa kitambaa kikiwa bado mezani. Hilo mtoto wa darasa la pili analielewa. Watu wenye shahada zao na kofia za plastiki kichwani hawalielewi, na mimi nimechoka kuwatafutia visingizio.

Kuna mama mmoja, sisi nyumbani tunamwita Mama Vigae. Alijenga nyumba ya ghorofa, kuta za sebule akazipamba kwa vigae vilivyotoka ng'ambo, kisha ndiyo akamwita mume wangu. Tundu la kwanza likagonga nondo. La pili likapita, lakini kwa jinsi boriti ilivyokaa, bomba la kutolea maji likalazimika kupanda badala ya kushuka, na maji ya kiyoyozi hayapandi mlima. Yakadondoka kwenye kochi jipya. La tatu likapasua vigae vinne kwa mpigo. Mama Vigae alisimama chini ya ngazi na ufagio mkononi akimwita mharibifu, na mume wangu akaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Jioni ile alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, viatu bado miguuni.

"Mama watoto," akasema, "mimi sijawahi kujenga kitu. Nabomoa tu."

Nikamwambia asiseme upuuzi. Lakini usiku kucha nilijua kwamba si upuuzi. Mama Vigae mwenyewe, baada ya miaka miwili, akaja kwangu kushonesha mapazia, hana hili wala lile, hajui mimi ni mke wa nani. Sikumwambia. Nilipima madirisha yake, nikapita mbele ya vigae vinne visivyofanana rangi na vingine, nikatazama pembeni.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Mwanzoni tulikilaumu kipupwe, halafu sigara za watu wengine. Mwishowe nilimburuta hadi hospitali. Daktari akainua picha ya kifua kwenye mwanga, mimi nikaona ukungu tu.

"Hili ni vumbi," daktari akasema. "La miaka mingi. Lililoingia halitoki, ila tunaweza kuzuia lisiongezeke. Mzee, kutoboa kuta sasa basi."

Mume wangu alikuwa akifunga vifungo vya shati. "Nipe jengo moja, daktari."

"Jengo gani?"

"Moja ambalo sitalitoboa. Nikilipata hilo, drili naiweka chini."

Daktari akacheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Nilimwona mume wangu amefunga vifungo vyote kwenye matundu yasiyo yake, na najua mkaidi wangu akisema neno kwa sauti ile ya chini, limekwisha. Angeendelea kupanda ngazi za watu na kumeza kuta zao mpaka lipatikane jengo moja la kumwita kabla. Na mimi katika miaka yote ile sikuwa nimesikia habari za jengo kama hilo. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye, na hofu, sijui kipi kilizidi.

Aliyepiga simu ya jengo hilo alikuwa binti mmoja msanifu wa majengo. Miaka mitatu nyuma, akiwa bado anajifunza kazi, mume wangu aliwahi kutoboa ukuta juu ya meza yake, vumbi lote likamwagikia michoro. Badala ya kufoka, yule binti alimwuliza, "Mzee, wewe ungependa uitwe lini?" Mume wangu akajibu, "Kabla ya msingi, mwanangu." Ofisi nzima ikaangua kicheko, naye akaendelea kutoboa. Sasa yule binti alikuwa anasema kwenye simu, sauti inasikika hadi kwenye cherehani yangu: "Mzee, nimepewa wodi ya watoto wachanga. Msingi haujachimbwa. Njoo."

Asubuhi iliyofuata alikwenda na futikamba, ngazi na drili. Akakuta nyasi.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipojua uchovu unachoweza kumfanya mtu. Yeye kazi yake yote ameijulia kwenye kuta zilizosimama. Anagonga kwa kiungo cha kidole, anasikiliza, anajua hapa pana boriti, hapa pana uwazi. Pale kiwanjani hapakuwa na cha kugonga. Wakamwingiza kwenye kikao, wakamtandikia mchoro mezani, mhandisi akamwuliza, "Haya mzee, una maoni?" Na mume wangu, aliyeisubiri siku ile miaka ishirini na minane, akasema, "Hapana. Iko sawa."

Alirudi na karatasi imeviringishwa kwapani, uso umemshuka.

"Iko sawa?" nikamwuliza.

"Sijui kama iko sawa. Ni mistari. Mistari haitoi sauti."

"Kikao kingine lini?"

"Baada ya siku nne. Wakishakaa hicho, mchoro unafungwa." Akaiweka karatasi juu ya friji kama kitu cha mtu mwingine. "Acha tu. Nitatoboa tu."

Hilo neno, kutoka kinywani mwake mwenyewe, lilinichoma kuliko lilivyowahi kutoka kwa wenye nyumba wote. Nikaichukua ile karatasi, nikaitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, nikaweka mkasi kwenye pembe ili isijikunje. Nikaitazama. Mbona ilikuwa kitu ninachokijua? Mimi maisha yangu yote nakata karatasi bapa na kumwona humo mtu mzima, mabega, kiuno na makalio. Ramani ni ile ile, ila vipimo vimepunguzwa.

"Toa kamba za kuanikia," nikamwambia.

Chumba chenye vitanda vinane kilitosha kwenye uwanja wetu wa nyuma, tukiondoa banda la kuku. Mimi nikasoma vipimo, yeye akavuta kamba. Kuta tukazichora kwa chokaa. Vitanda vikawa mito ya makochi, choo kikawa beseni, boriti ikawa kamba nyekundu tuliyoifunga juu kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mti. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Vipi, mnahamia nje?"

"Tunajenga hospitali," nikamjibu, naye akashuka taratibu kwenye kile alichokuwa amekanyaga.

Mume wangu akaingia mlangoni, pale chokaa ilipoachwa wazi. Akasimama. Akatembea hadi ukuta wa mbali, akanyoosha mkono, nikaona kiungo cha kidole kinagonga hewa. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akalala chini kwenye udongo, kichwa chake kando ya mto mmoja, akaangalia juu.

"Tundu la hewa baridi wamelichora wapi?"

Nikatazama karatasi. "Hapo hapo juu yako."

"Basi linampulizia mtoto usoni, asubuhi mpaka asubuhi. Mtoto wa kilo mbili." Akainuka haraka kuliko anavyoinuka siku hizi. "Na dirisha la choo?"

"Linatazama huku."

"Upepo wa mchana unatoka huko huko. Harufu yote inaingia hapa. Na mashine za nje wameziweka wapi?"

"Kwenye uwazi wa katikati, kuta pande zote nne."

"Zitatema hewa ya moto na kuivuta tena hiyo hiyo." Akatembea hadi chini ya ile kamba nyekundu, akainua mikono. "Na boriti hii imekaa kifuani mwa njia ya bomba la hewa chafu. Ndiyo ile ile ya Mama Vigae."

Alizungumza siku mbili mfululizo. Kila alipopasema mimi nilipatia alama kwa penseli nyekundu. Jioni ya pili ovaroli yake ilikuwa imejaa chokaa magotini na mgongoni, na nilipoishika kuikung'uta alinizuia, akasema niiache hivyo hivyo.

Kwenye kikao alikwenda nayo hivyo hivyo. Yule binti msanifu alinisimulia baadaye. Mhandisi alikuna kichwa, akanung'unika, akasema mambo ya hewa kwa kawaida yanakuja mwisho. Kisha akaipima boriti kwenye karatasi, akakiri inaweza kusogezwa hatua moja, mradi aambiwe sasa, si baada.

"Ndiyo nimekuja kukwambia sasa," mume wangu akasema.

Wakaisogeza kwa kifutio. Wangengoja ijengwe, ingehitaji nyundo za watu kumi. Dirisha la choo likahamia upande wa pili, mashine za nje zikatolewa kule kwenye kisima cha kuta, vitanda vikapisha hewa baridi. Na kwenye zege la juu yakachorwa matundu sita: ya kutolea hewa chafu na ya kupitishia mabomba. Mume wangu aliyataja yale matundu kwenye chakula kila siku mpaka nikayachukia. Sita, mama watoto. Yote sita kabla ya zege.

Tundu la namna hiyo halitobolewi, linaachwa. Kabla zege halijamwagwa, unasimamisha vipande vya bomba pana kati ya nondo, unavikata vilingane na usawa wa juu ili mbao ya kusawazishia ipite, kisha unavijaza makaratasi ya mifuko ya saruji, unayashindilia mpaka juu. Zege likimwagwa halina pa kuingia. Siku ya siku, alfajiri, mume wangu alishindilia vyote sita kwa mkono wake, akavikagua, akavikagua tena.

Mimi nilipita pale kama saa tano kumwachia chakula. Begani nilikuwa na begi la mapazia ya Mama Vigae, yale aliyokuja kuagiza, rangi ya maziwa, yenye bitana, vipande vinane, kazi ya wiki tatu. Nilikuwa naenda kumkabidhi. Chini nilimkuta mume wangu ameinama kwenye pipa la maji. Vumbi la saruji lilikuwa limemwamshia kifua, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Akanionyesha juu kwa kidole, hawezi kusema. Nikaelewa anataka niende nikamwangalizie.

Nikapanda ile ngazi ya mbao na gauni langu na begi langu. Upande wa mbali zege lilikuwa limeshaanza kumwagwa, vijana wanalivuta kwa majembe, linakuja. Nikatafuta matundu ya mume wangu. Nikachungulia la kwanza nikaona mbao tupu chini. La pili, mbao. Yote sita yalikuwa wazi, meupe ndani, safi kabisa.

"Mama, huku juu hakuruhusiwi," msimamizi akanipigia kelele.

"Makaratasi ya kwenye haya mabomba yako wapi?"

"Makaratasi gani? Mkaguzi anakuja, nimeagiza pafagiliwe. Uchafu wote umeshaondoka na gari la taka."

Yaani usafi. Wangeiba ningeelewa. Mtu alifagia, akaona karatasi chakavu zimechomekwa kwenye mabomba, akazing'oa moja moja kwa bidii, akijua anatenda jema.

"Simamisheni, tuyazibe."

"Zege halisubiri, mama." Akatazama saa yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama sisi wengine. "Yakiziba, mzee atatoboa tu."

Niliiona miaka yote ishirini na minane pale pale juu ya zile nondo, na nilimwona mume wangu akipanda ngazi na drili kwenye jengo lake mwenyewe, na daktari na ile picha. Nikapiga magoti, nikafungua zipu ya begi.

Pazia la kwanza lilinichukua muda, mikono ilikataa. Bitana yake niliishona kwa mkono. Nikalikunja, nikalisokomeza, nikalishindilia kwa ngumi mpaka juu. La pili halikuniuma sana. Vijana wakaacha majembe wakanitazama. Mmoja akaja akaanza kunisaidia bila kuulizwa, mwingine akafuata. Nilipofika la nne nikasikia kikohozi kinapanda ngazi. Mume wangu akatokeza kichwa, akaona, macho yakamtoka.

"Hayo si ya Mama—"

"Nyamaza, shindilia."

Akashindilia. La sita lilipojaa, zege lilikuwa limefika magotini petu, wakatuinua kwa makwapa kututoa.

Mama Vigae nilimwendea siku hiyo hiyo, na vipande viwili vilivyobaki, na gauni limeganda zege chini. Nilimweleza kila kitu, nikamwahidi kushona mengine kwa kitambaa changu. Alinisikiliza amesimama.

"Kumbe mumeo ni yule aliyenipasulia vigae."

"Ndiye."

Akazitazama zile kuta. "Ningemwita mapema asingepasua?"

"Asingepasua."

Nilitegemea neno jema, nisiseme uongo. Akachukua vile vipande viwili, akaniambia kazi iliyobaki atampa fundi mwingine. Hadi leo tukikutana anageuzia shingo upande wa pili. Sina la kumlaumu, nilimkosea.

Mbao zilipobanduliwa, mapazia yalivutwa kutoka chini, magumu kama samaki wakavu. Nyuma yake yalibaki matundu sita ya mviringo, na kupitia hayo, mume wangu aliniambia, unaona mbingu.

Siku ya kufunga mitambo alitoka na drili kwenye mfuko wa zana, mazoea. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikijiandaa kumsikia akirudi magharibi akiburuta miguu. Alirudi saa tisa.

"Mmeahirisha?"

"Tumemaliza." Akaketi kwenye kiti cha wateja. "Bomba nilisukuma kwa mkono likaingia. La pili likaingia. Yote. Nikabaki juu ya ngazi natafuta kingine cha kufanya." Alitabasamu kidogo, kisha uso ukawa kama unataka kulia, akaufuta kwa kiganja. "Hewa inapita, mama watoto. Unaisikia mkononi, haimgusi mtoto."

Akaitoa drili kwenye mfuko, akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia, kati ya mkasi na chaki. Simu ikalia pale pale. Mtu alikuwa amemaliza nyumba. Nilimsikia mume wangu akiuliza, "Rangi mmeshapaka?" Akasikiliza. "Basi mtafute fundi mwingine, ndugu yangu. Mimi siku hizi naitwa kabla ya msingi." Akakata, akavua ovaroli, akaingia ndani kujilaza.

Nikaichukua ovaroli nikatoka nayo. Mikono ilikwenda yenyewe. Nikaishika mabegani, nikaigeuza upande wa upepo, nikaipiga. Hakikutoka kitu. Nikaipiga tena, kwa nguvu, nikageuza mifuko nje, nikakunjua mikunjo ya miguu ambako huwa linajificha. Hakuna hata chembe. Nikakaa kwenye ngazi ya mlangoni nikaipakata, na uchovu wa miaka ishirini na minane ukanishukia wote kwa pamoja, nikalia bila kujizuia, kwa furaha, kwa hasira, kwa kuwa ilichukua muda mrefu mno kwa jambo dogo kiasi kile.

Ndani, mume wangu akakohoa. Akakohoa tena, kile kirefu, kinachotoka chini kabisa. Nikaikunja ovaroli safi, nikaingia kumpelekea maji.